Maswali ya Wasomaji: Inveta na Betri Majini na Safarini

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni nahodha wa Kilifi. Nina jahazi la futi 40 ambalo tumelitengenezea vyumba vya kulala wageni wanane, na hulala nao nje usiku mmoja au miwili. Nimefunga inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 3000 na betri mbili za lori za ampea-saa 200 kila moja, mfumo wote ukiwa wa volti 12. Betri ziko tezi, yaani nyuma ya chombo, na inveta nimeiweka kwenye kabati la jikoni, mita sita mbele. Kila tukichemsha maji kwa birika la umeme la wati 2000, inveta hupiga kelele na kuzima, ingawa dakika moja kabla mita huonyesha volti 12.6. Nyaya zake, ambazo ni za milimita za mraba 16, hupata joto. Nimeshauriwa niongeze betri mbili. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Wa aleikum salaam, nahodha. Usinunue betri yoyote kwa sasa, na birika hilo lisiwashwe tena isipokuwa kwa zile sekunde chache za kipimo nitakachokueleza, kwa sababu joto la nyaya ndilo jambo zito kuliko yote uliyoyaandika, na betri za ziada hazitaliondoa.

Hesabu yake si ndefu. Wati 2000 ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea 167, na kwa kuwa inveta nayo hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya umeme inaougeuza, betri zako zinatakiwa kutoa ampea 185 hivi. Umeme huo unakwenda mita sita na kurudi mita sita katika waya wa milimita 16. Shaba ya urefu na unene huo hupoteza takriban volti 2.4 kwa mkondo wa namna hiyo, kwa hiyo hata kama betri zingeshikilia volti 12 kamili, inveta ingepokea volti 9.6 tu, wakati nyingi hujizima zikifika 10.5. Inveta yako basi haina ubovu. Inafanya kazi iliyotengenezewa. Volti 2.4 zilizopotea zikizidishwa kwa ampea 185 ni takriban wati 440, na hizo zinageuka joto ndani ya waya uliopita nyuma ya mbao zako na karibu na magodoro ya wageni.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, chukua mita na uweke vijiti vyake juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya vibanio vya waya, kisha mwenzako awashe birika kwa sekunde tano nawe usome namba. Acha nyaya zipoe, halafu rudia kipimo hicho kwenye skrubu za inveta. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndizo volti zinazopotea njiani. Ukisogeza kijiti kimoja kutoka kichwa cha betri hadi kwenye kibanio chake na ukaona hata nusu volti kati yao, umekuta kiungo kilicholegea au kilicholiwa na chumvi, na mahali hapo ndipo moto hupenda kuanzia. Zile volti 12.6 ulizosoma kabla zilikuwa za betri iliyopumzika, na betri iliyopumzika haikuelezi chochote kuhusu uwezo wake wa kubeba mzigo.

Ushauri wangu ni huu. Inveta ihamishiwe tezi, ndani ya mita moja na nusu kutoka kwenye betri, na nyaya za volti 230 ndizo ziende jikoni. Wati 2000 kwa volti 230 ni chini ya ampea 9, mkondo ambao waya wa kawaida wa milimita 2.5 huubeba bila shida. Lakini isikae ndani ya sanduku moja na betri zako za maji wala juu yake, kwa kuwa betri za namna hiyo hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na haidrojeni ikifika sehemu nne kwa mia ya hewa hulipuka kwa cheche ndogo tu. Sanduku la betri liwe na tundu la hewa juu kabisa, linalotoka nje ya chombo.

Pia ningekushauri uiuze inveta ya wati 3000 ununue ya wati 1000 yenye wimbi safi (inayotoa umeme laini kama wa nyumbani), na maji yachemshwe kwa gesi. Birika kwa jumla halili umeme mwingi, kwani kuchemsha lita moja na nusu ni kama wati-saa 150 tu. Tatizo ni kwamba linauvuta wote ndani ya dakika chache. Zile ampea-saa 200 zilizoandikwa kwenye betri hupimwa kwa kuitoa polepole kwa muda wa saa 20, yaani ampea 10 tu muda wote huo, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo betri ya risasi inavyotoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Mjerumani Wilhelm Peukert aliieleza kanuni hiyo mwaka 1897, na bado inawashangaza wengi wanaonunua betri kwa kusoma lebo. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote itavuta kama ampea 93. Kwa umbali wa mita moja na nusu, waya wa milimita 35 unatosha na hupoteza volti 0.14 tu. Nunua waya wa shaba iliyopakwa bati, ambao ni ghali kidogo, kwa sababu shaba tupu katika hewa ya bahari hugeuka kijani kibichi kuanzia mwishoni kwenda ndani ya plastiki, mahali usipopaona.

Sasa fyuzi, ambayo hukuitaja kabisa katika barua yako, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Volti 12 hazimrushi mtu, na ndiyo maana hudharauliwa, ilhali moto hauhitaji volti nyingi bali ampea, na betri mbili kama zako zinaweza kumwaga ampea zaidi ya elfu moja mara spana inapodondoka juu ya vichwa vyake. Fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kanuni za vyombo vya majini zinazofuatwa Marekani zinataka iwe ndani ya sentimita 18 hivi. Kwa waya wa milimita 35 na inveta ya wati 1000, weka ya ampea 125. Fyuzi iliyofungwa upande wa inveta hailindi waya ulio nyuma yake, na waya huo ndio utakaokwaruzwa na mbao chombo kinapoyumba.

Betri za lori nazo si za kazi hii. Zimetengenezwa kwa bamba nyembamba nyingi ili zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukizitumia usiku kucha hadi nusu, usiku baada ya usiku, hazimalizi msimu. Tafuta betri za kutoa umeme polepole, zile zinazouzwa kwa ajili ya sola, na hata hizo usizishushe chini ya nusu. Kwa wageni wanane, taa nane za wati 5 kwa saa sita ni wati-saa 240. Feni nne za wati 20 kwa saa nane ni 640. Friji ya volti 12 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia inveta, ni kama 540. Simu na redio ya mawasiliano zinafika 220. Jumla ni wati-saa 1640 kwa siku. Betri mbili za ampea-saa 200 zina wati-saa 4800, nusu yake ni 2400, kwa hiyo ukubwa ulio nao unatosha na hukuhitaji betri mbili za ziada. Sharti moja ni kwamba inveta izimwe wakati haitumiki, kwa sababu inveta kubwa iliyowashwa bila mzigo inaweza kula wati 20, nazo kwa saa 24 ni 480, karibu sawa na friji nzima.

Kurudisha umeme huo ndiko kugumu zaidi. Mashine ya boti ya kupachika huchaji kidogo tu, hasa ikienda polepole, na mkiwa mmetweka tanga haichaji kabisa. Paneli za sola za wati 600, kwa saa tano za jua zuri na baada ya kutoa hasara, zitakupa kama wati-saa 2100, kiasi ambacho wakati wa kaskazi kitabaki na wakati wa mawingu ya masika hakitatosha. Zifunge juu ya paa la kivuli la tezi, mbali na foromali (mti unaobeba tanga), maana kivuli chembamba cha mlingoti kikikatiza paneli moja kinaweza kupunguza nguvu ya zote zilizounganishwa nayo kwa mfuatano.

Betri ya kuwashia mashine ibaki peke yake, isiguswe na feni wala friji. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yaliyoingia chomboni, iwe na waya wake na fyuzi yake kutoka kwenye betri bila kupitia swichi kuu, ili anayezima umeme wote jioni asiizime nayo.

Mwisho, wageni wasichaji simu na kamera usiku watu wote wakiwa wamelala. Alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019, karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, boti ya wapiga mbizi iliyoitwa Conception iliungua, wakafa watu 34 waliokuwa wamelala chini. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo cha moto. Miongoni mwa vyanzo walivyovifikiria ni betri zilizoachwa zikichajiwa bila mwangalizi. Walichokithibitisha ni kwamba hapakuwa na mtu wa zamu aliyekesha. Weka zamu, nahodha.

SWALI: Shikamoo fundi. Ninakodisha Land Cruiser mbili zenye mahema juu ya paa kwa wageni wanaokwenda Ngorongoro na Serengeti wakijiendesha wenyewe. Nataka kufunga betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa ajili ya friji na kuchaji kamera, na inveta ya wati 1500. Muuzaji anasema niunganishe betri hiyo moja kwa moja na ya gari ili alternata (mashine ya gari inayozalisha umeme) iichaji. Naomba ushauri. Msomaji wa Arusha.

JIBU: Marahaba. Lithiamu ni chaguo zuri kwa kazi yako, hasa ile ya chuma na fosfeti, kwa kuwa ni nyepesi, hutumika hadi asilimia 80 au 90 ya uwezo wake, na hustahimili kuchajiwa mara elfu kadhaa pale ambapo ya risasi hustahimili mamia kadhaa. Aina hiyo ilibuniwa katika maabara ya John Goodenough kwenye Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, na kwa jinsi ilivyo ni vigumu zaidi kushika moto kuliko lithiamu za simu.

Kuhusu kuunganisha moja kwa moja, muuzaji amekosea, na kosa hilo litakugharimu alternata. Betri ya lithiamu iliyopungua hupokea kila ampea inayopewa bila kukataa, na alternata ya gari haikuundwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima, hasa gari linapokwenda taratibu kutazama wanyama na feni ya alternata ikizunguka polepole. Hatari ya pili ni kwamba ndani ya betri hiyo mna saketi ya ulinzi, nayo ikiamua kukata ghafla wakati wa kuchaji, volti zinaweza kuruka na kuunguza dayodi za alternata. Nunua chaja inayokaa kati ya betri mbili, ya ampea 30, uifunge karibu na betri ya pili, na waya wake mrefu uwe na fyuzi ncha zote mbili, kwa kuwa kila ncha ina betri yake. Kila saa ya kuendesha itarudisha kama ampea-saa 30, na gari likiwa barabarani kutwa nzima betri itakuwa imejaa kabla ya kufika kambini.

Betri isiwekwe karibu na injini, kwani joto la juu ya nyuzi 45 huifupishia maisha. Baridi ya ukingo wa Ngorongoro haitaidhuru. Ifungwe kwa mikanda na mpira chini yake, maana barabara ya kwenda lango la Naabi ina mawimbi ya kokoto yanayofungua nati zilizokazwa jana. Wafundishe wafanyakazi wako kukagua vichwa vya betri kila safari inaporudi.

Friji iwe ya volti 12 yenyewe. Kama ndivyo, wati 300 za wimbi safi zinatosha kwa kompyuta na chaja za kamera, na huhitaji 1500. Inveta za bei rahisi, ambazo wimbi lake limekatwa kwa ngazi, huzipasha moto baadhi ya chaja na kuziua mapema, na kamera ya mgeni ni ghali kuliko inveta yako.

Kabla ya kulipa fedha zote, ipime betri. Ichaji hadi ijae, kisha unganisha taa mbili za halojeni za mbele ya gari, za wati 55 kila moja, na uandike saa ya kuanza. Betri ya kweli ya ampea-saa 100 itaziwasha kwa saa 10 hivi kabla ya kujikata yenyewe, bila madhara. Ikijikata baada ya saa tano, umeuziwa nusu. Usijaribu kuipima kwa kusoma volti peke yake, kwa sababu lithiamu hukaa kwenye volti 13 na ushei karibu muda wote, kisha huporomoka ghafla. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

SWALI: Fundi, boti yetu ya faiba hufungwa gatini Mtwapa na huunganishwa na umeme wa gati. Nikishika ngazi ya chuma huku nimesimama majini, nahisi umeme ukinitekenya. Zinki zilizo chini ya boti, zile za kukinga chuma chake kisiliwe, nazo zinaisha haraka siku hizi. Je, haya mawili yanahusiana?

JIBU: Huenda yanahusiana, lakini la kwanza ni la kushughulikiwa leo hii. Chomoa umeme wa gati na usiruhusu mtu yeyote aogelee karibu na boti hadi fundi mwenye kipimo afike. Umeme huo unavuja kutoka kwenye kifaa fulani, na inaelekea waya wa ethi (ule wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja) umekatika mahali, au haukufungwa kabisa, ndiyo maana umekosa njia nyingine ukapita kwako. Katika ziwa ingekuwa hatari zaidi, kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi yanayomzunguka, na muogeleaji hushikwa misuli akazama bila kupiga kelele.

Boti iwe na swichi inayokata umeme mara unapovuja kwa miliampea 30. Kama mna inveta pia, fundi ahakikishe kwamba inapofanya kazi peke yake nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) imeunganishwa na ethi, kwa sababu bila kiungo hicho swichi ya kukata haitahisi kosa. Na umeme wa gati unapoingia, kiungo hicho kifunguke chenyewe. Inveta nzuri za boti hufanya hivyo ndani kwa ndani, nyingi za bei rahisi hazifanyi.

Zinki huliwa haraka kwa kuwa waya wa ethi wa gati unaiunganisha boti yako na chuma cha gati na cha boti za jirani, na zinki zako zinawalinda wote hao. Baadhi ya watu hukata waya wa ethi ili kuziokoa zinki, na kufanya hivyo ni kucheza na roho za watu. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya huo ili kuzuia mkondo mdogo unaokula zinki na kuacha ule wa hatari upite, fungeni hicho.

SWALI: Kaka fundi, mimi naishi Minnesota. Nimenunua gari-nyumba lililotumika, lina inveta na betri mbili za lithiamu. Nikibadilisha mfumo, naweza kumtumia ndugu yangu wa Bukoba inveta hii na betri hizi kwa mtumbwi wake wa dagaa? Na majira ya baridi nizifanyeje betri?

JIBU: Inveta ibaki huko. Inatoa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati vifaa vya Bukoba vinataka volti 230 na mizunguko 50. Mashine nyingi zitagoma na nyingine zitaungua. Tena ndugu yako haihitaji: taa za dagaa zilizochukua nafasi ya karabai ni za LED, na hutumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Betri zingemfaa, ila usidhani utazitia kwenye begi. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1280, na abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya akiba inayozidi wati-saa 160. Zikisafirishwa kwa meli ni lazima zitangazwe kuwa mzigo wa hatari na zifungashwe kwa kanuni zake. Ukijumlisha gharama hizo, inaelekea ni afadhali umtumie fedha, anunue Mwanza.

Kuhusu baridi, lithiamu inaweza kutoa umeme chini ya nyuzi sifuri, lakini isichajiwe katika hali hiyo, kwa kuwa lithiamu hujibandika ndani ya betri ikiwa metali tupu na uharibifu huo haurudi. Angalia kama betri zako zina ulinzi unaokataa chaji kwenye baridi. Za zamani nyingi hazina. Kama hazina, zitoe kabla ya theluji, ziache zikiwa na chaji ya kama nusu, zikae ndani ya nyumba mahali pakavu, na vichwa vyake vifunikwe. Usisahau kuchomoa paneli za sola za juu ya gari ikiwa utaziacha betri humo, kwani jua la Januari huchaji hata wakati kipimajoto kiko nyuzi 20 chini ya sifuri.